Mahali pa Kazi za Mikono katika Nyumba Ndogo

Mtu akisikia habari ya kutengeneza mahali pa kazi za mikono nyumbani, mara nyingi hudhani ya kuwa shauri hili ni la wenye nafasi, yaani wenye chumba kisichokaliwa na mtu na fedha ya kununulia meza na makabati. Sisi tukaao karibu na Darajani tukitazama nyumba zetu twacheka, kwa maana chumba kile kile ndicho cha kulala watoto, ndicho cha kuwekea mchele, na mvua ikinyesha ndicho cha kupokelea wageni. Walakini katika vyumba hivyo hivyo ndimo zitokamo kofia za viua wanazovaa mabwana siku ya arusi, na misala, na makawa, na mikeka ya ukili. Basi nafasi ipo. Neno tutakalo kujua ni jinsi ya kuishika isitupokonye kazi yetu.

Kwa ajili ya msomaji wa mbali yafaa nieleze kwanza mahali penyewe. Zamani maji ya bahari yaliingia katikati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo asili ya jina la Darajani. Ile hori ya bahari ilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, daraja likatoweka, jina likabaki, na soko lililojengwa mwaka 1904 lingali linauza samaki na nyama na viungo. Upande mmoja wa barabara ni nyumba za mawe na chokaa, ambazo vyumba vyake ni vyembamba, maana upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zishikazo dari. Upande wa pili ni nyumba za Ng'ambo, zenye baraza mbele, ukumbi katikati, na ua nyuma. Na mbele kidogo ni majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Nyumba ni namna tatu, na shida ni tatu: katika mawe mwanga ni haba na kuta hutoka unyevu, Ng'ambo mwanga ni tele, lakini uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa na kunakopita kuku, na Michenzani hakuna ua kabisa.

Sasa nitasimulia jambo lililotokea katika nyumba ya mwalimu mmoja wa Ng'ambo. Jina lake silitaji, kwa kuwa yu hai na mkewe hapendi kusemwa. Mama huyu ni fundi wa kofia. Mwaka ule, kabla ya masika, aliagizwa kofia ya bwana arusi, kofia ya viua, kazi ya miezi mitatu. Msomaji asiyejua na afahamu ya kuwa kofia ya mkono hufanyizwa kwa vipande viwili vya bafta, kimoja cha duara kikaacho utosini, na kimoja kirefu kizungukacho kichwa. Maua huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi, kisha hushonwa nukta kwa nukta. Na kiua ni kitundu kidogo kinachotobolewa na kuzungushiwa uzi ukingoni, na kofia moja ina viua vingi mno. Wavaao si watu wa Unguja tu. Huko Oman kofia ya namna hii huitwa kumma, na husemwa ya kuwa ilifika kwao kutoka pwani yetu.

Fedha ya kofia ile ilikwisha kugawanywa kabla haijapatikana: nusu kulipa deni la mchele dukani, nusu kununua mabati mawili ya kuziba paa la jikoni. Kazi ilikuwa imebakia wiki moja. Siku hiyo mama alikuwa ameketi ukumbini, mtoto wake mdogo akashikwa na homa kali, akaitwa kwa haraka. Akaitia kofia ndani ya mkeka uliokuwa karibu, akaukunja, akausimamisha nyuma ya mlango, akatoka. Nyuma ya mlango ndipo alipokuwa ameweka mafungu ya ukindu aliyoyatia rangi ya kijani asubuhi ile, yangali mabichi. Mvua ilinyesha mfululizo. Alimwuguza mtoto siku nne. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Na siku ya tano alipoufungua mkeka aliona ukingo wa kofia umeingia rangi, na duara ina madoa meusi ya koga.

Alijaribu ndimu na chumvi na jua, kama tulivyofunzwa na wazee. Koga ilififia, rangi haikutoka. Bwana arusi alinunua kofia nyingine dukani, na ile ya miezi mitatu iliuzwa kwa bei ya nyuzi. Deni la mchele lilikaa hata baada ya vuli, na jikoni waliendelea kupikia chini ya sufuria iliyokinga matone.

Jirani yao, bibi mzee aliyesuka mikeka maisha yake yote, alikuja kumpa pole. Mama akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaitazama kofia kitambo, kisha akasema, "Ukindu wataka maji, kofia yataka ukavu. Umewalaza pamoja wawili wasiosikilizana." Yule mama akajibu, "Bibi, nyumba ni ndogo, ningeiweka wapi?" Bibi akainua kidole akaonyesha juu, kwenye boriti.

Nimelifikiri sana jibu lile la kidole. Sote tulidhani kosa lilikuwa udogo wa nyumba. Lakini nyumba ingekuwa kubwa mara mbili, na mama yule angeitwa vile vile kwa haraka, na angeitia kofia katika kitu cha kwanza alichokiona. Fundi wa dukani hufanya kazi yake hata jioni akafunga mlango. Kazi ya mama nyumbani ni kazi ya kukatishwa: chungu chafurika, mtoto alia, mgeni apiga hodi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza, "Nitaketi wapi nikishona?" yampasa mtu aulize, "Nikiitwa sasa hivi, kazi hii nitaiweka wapi kwa mkono mmoja?" Mahali hapo pawe karibu na mkono wake, juu ya sakafu, pakavu, pana kifuniko, wala pasiwekwe kitu kingine chochote, hata kwa dakika moja. Ukipata mahali hapo umepata karakana. Mengine yote ni nyongeza.

Mama yule alifanya susu. Vijana wengi siku hizi hawaijui susu, na ni hasara, maana bibi zetu walitundika humo chakula kisiliwe na panya. Alichukua ukingo wa ungo uliokatika matundu, akaufuma chini kwa kamba ya makumbi mpaka ukawa kama sahani pana, akaufunga kamba tatu, akautundika katika boriti ya ukumbi, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyesimama, ili watoto wasiufikie. Katika ile kamba ya juu alipitisha kifuu cha nazi kilichotobolewa, mdomo chini, panya akishuka ateleze. Ndani ya susu aliweka kikapu cha ukili chenye kifuniko, na ndani ya kikapu kitambaa safi cheupe. Kofia hulala humo. Akiitwa, hainuki na kutafuta. Huinua mkono, huweka, hufunika, huenda. Gharama ya susu ilikuwa kamba peke yake, na kamba ilipatikana Darajani.

Katika nyumba za mawe kuna shubaka ukutani, nazo ni nzuri kwa macho, na watu hupenda kutia kazi zao humo. Mimi nawaonya. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa polepole, na kitambaa kinachougusa hupata koga upesi. Mwenye shubaka na aweke humo kibao chembamba chini na nyuma, kisha aweke bweta juu ya kibao, lisiguse ukuta. Vivyo hivyo kasha: lisikae juu ya sakafu ya saruji, bali juu ya vipande viwili vya mti, hewa ipite chini.

Wengine wamesikia ya kuwa debe la bati ndilo salama, maana panya halitafuni. Ni kweli kwa panya. Lakini bati hutoka jasho usiku kukiwa baridi kidogo, na likianza kutu doa lake halitoki katika bafta. Anayependa debe na alitumie kwa nyuzi za rangi na vipande vya nguo za kushonea viraka, na ndani aweke kitambaa kizito. Ndoo za plastiki zenye vifuniko, zile zilizotiwa rangi ya nyumba au mafuta, zikioshwa vema na kukaushwa ni bora kuliko debe. Hata hivyo zifunguliwe juani mara moja kwa wiki, maana unyevu uliofungiwa ndani hauna pa kutokea. Tuna karafuu katika kisiwa chetu, na wengi hutia karafuu katika kasha kufukuza wadudu. Ni desturi njema, ila zifungwe katika kitambaa, kwa kuwa mafuta yake huacha alama juu ya nguo nyeupe. Na kofia iliyofuliwa ikiwekwa kwa muda mrefu isitiwe wanga. Mende hupenda wanga kuliko tuupendavyo sisi uji.

Habari ya mwanga sasa. Umeme wa Unguja waja kwa waya upitao chini ya bahari kutoka bara, tangu mwaka 1980. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mmoja, na tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Na wale walioishi siku hizo wakumbuka ya kuwa kazi iliyopangwa kufanywa usiku ilikwama, na iliyopangwa kufanywa mchana iliendelea. Kwa hiyo mahali pa kushonea pachaguliwe kwa jua wala si kwa taa. Kaa siku moja nyumbani, utazame: saa mbili asubuhi mwanga uko wapi, saa sita uko wapi, saa kumi uko wapi. Utaona ya kuwa pana pembe moja, pengine kizingiti cha mlango wa uani, pengine chini ya dirisha la ngazi, ambapo mwanga hukaa muda mrefu bila jua lenyewe kupiga. Hapo ndipo pa kutandika. Mtu atumiaye mkono wa kulia na aweke mwanga kushotoni, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya sindano. Mahali pa dhiraa tatu kwa mbili patosha: mkeka, mto wa mgongo, na kigoda cha kuwekea mkasi. Mkeka huo ukunjwe kila siku kazi ikiisha, kwa maana ukiachwa umetandikwa, baada ya wiki utakuwa mahali pa kuchambulia mchicha.

Baraza ina mwanga kuliko mahali pote, nami naona waume wengi huwaambia wake zao, "Mbona usikae barazani?" Hawafikiri. Baraza ni mahali pa salamu, na kila apitaye ana neno. Mama akae huko asubuhi nzima, atashona kiua kimoja.

Ukindu una sheria zake. Majani ya mkindu huanikwa, hutokoswa, huanikwa tena, kisha huchanwa kuwa nyuzi nyembamba. Lakini yakikauka mno huvunjika mkononi, na kwa hiyo msukaji huyalowanisha kidogo kabla ya kusuka. Kazi hii yafaa uani, chini ya upenu, kwenye kivuli. Mafungu yafungwe kwa urefu, marefu peke yake na mafupi peke yake, yatundikwe katika kigingi vichwa chini. Yaliyotiwa rangi yatundikwe mbali na yasiyotiwa, hata yakauke kabisa; na hili ni kwa rangi za dukani na kwa zile za zamani pia, kama manjano au mizizi ya mdaa inayotoa weusi. Ukili uliokwisha kusukwa uzungushwe kama gurudumu, utundikwe ukutani kwa msumari wa mti, maana msumari wa chuma hutia kutu. Lipo neno moja ambalo bibi yule alilisema na mimi sikulijua: fungu la siku moja lifungwe katika kitambaa chenye unyevu tangu jioni, ndipo asubuhi mtu aanze kusuka bila kungoja. Wakati wa kungoja ndio unaopotea.

Walioko Michenzani na wavumilie, maana kwao ushauri ni mfupi. Chagueni kazi moja. Msichanganye kusuka na kushona katika vyumba viwili vya ghorofani, kwa kuwa hakuna pa kutenganisha maji na ukavu. Kasha jembamba liingialo chini ya kitanda, na kibao cha kuweka mapajani, ndivyo vyombo vyenu. Na kiti karibu na dirisha.

Katika matumizi ya fedha nina maneno matatu tu. Kwanza, vyombo vya kuwekea kazi visinunuliwe kabla ya kutafutwa. Mafundi cherehani wa karibu na soko hutupa vipande vya bafta na kanga kila jioni, na ukienda kwa adabu, tena ukienda kila wiki, watakuwekea. Wenye matunda wana makasha ya mbao, wenye nafaka wana magunia. Pili, uzi wa kofia nzima ununuliwe siku moja na duka moja. Nyeupe si moja. Aliyenunua nusu sasa na nusu mwezi ujao ataona katika jua ya kuwa upande mmoja wa kofia ni mweupe na upande wa pili ni wa maziwa, na mnunuzi ataona kabla yake. Tatu, mkasi. Nunua mkasi mzuri, uufunge kamba ya rangi, na mtu yeyote asikate nao karatasi, wala ukindu, wala kucha za mtoto. Kwa hayo weka mkasi mwingine wa bei ndogo. Nimeona amani ya nyumba ikiharibika kwa sababu ya mkasi, na sina hakika ya kuwa mama alikuwa na kosa.

Nanyi waalimu wenzangu mnaofundisha kazi za mikono, msidharau kama kwamba haya ni mambo ya jikoni. Katika shule ya wasichana ya Mbweni, iliyoongozwa miaka mingi na Miss Caroline Thackeray aliyefika Unguja mwaka 1877, wasichana waliookolewa katika utumwa walifunzwa vitabu, na wengine walifunzwa kushona, kupika na kufua, ili wapate riziki yao. Shule imekuwa magofu, lakini haja ya riziki ingaliko. Mwanafunzi aliyefunzwa kushona wala hakufunzwa kuiweka kazi yake amefunzwa nusu. Mpeni kila mtoto mfuko wake wa kitambaa wenye jina lake, utundikwe ukutani kwa safu, na dakika tano za mwisho za kila somo ziwe za kuweka. Mtoto atakayezoea kutundika mfuko shuleni ataudai msumari wake nyumbani.

Nalikwenda kwa mwalimu yule tena kaskazi iliyopita. Susu iko, kikapu kimo, na ndani yake kofia nyingine yenye lozi kubwa. Mafungu ya ukindu yako uani chini ya upenu, na nyuma ya mlango hakuna kitu ila fagio. Watoto wamepewa pembe yao, kopo la vifungo na vipande vya nguo, wasipande kigoda kutafuta vya mama. Jioni, kabla ya kukunja mkeka, mama hutoa kitakia chake cha sindano na kuzihesabu mbele yetu: saba. Aliniambia ya kuwa siku moja zilikuwa sita, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulala ukumbini mpaka ya saba ilipoonekana, saa nne za usiku, katika pindo la kanzu ya mwalimu mwenyewe.